Alete Maumivu Yake

Jumatatu ya pili ya Oktoba mwaka 1983, saa nne kasorobo asubuhi, Phares Aloo aliingiza stensili kwenye taipureta, akapiga mistari minane na kugundua kwamba tangazo halitoshi.

Lilitakiwa liwe la nusu karatasi. Bwana Gichuru, katibu wa Kamati ya Taifa ya Mpango wa Saratani, alikuwa amelisisitiza jambo hilo mara mbili, kwa kuwa kabatini zilikuwa zimebaki rimu mbili tu na mwaka ulikuwa bado mrefu. Phares alikuwa karani wa tafsiri. Kazi yake ilikuwa kuchukua Kiingereza cha kamati na kukifanya kieleweke Kaloleni, alikokaa yeye mwenyewe, na Gikomba, na Mathare, na kwingineko ambako kamati ilikuwa haijafika. Kiingereza kilisema kwamba huwezi kupanga jambo usilolijua ukubwa wake, na kwa hiyo wagonjwa waje watoe habari za maumivu yao. Phares alikuwa ameandika: "Kila mgonjwa wa kansa alete taarifa ya maumivu yake katika ukumbi wa Kaloleni, yaandikishwe." Mstari uliruka ukingo kwa maneno mawili. Akafyeka "taarifa ya". Mstari ukakaa vizuri, hata nafasi ya muhuri ikapatikana.

Hilo neno kansa nalo lilikuwa limekula vikao vitatu. Profesa mmoja alitaka saratani. Daktari mmoja alitaka uvimbe mbaya. Mjumbe wa tatu, aliyekuwa amesinzia, alipoguswa bega akasema kansa, na kwa kuwa saa ya chakula ilikuwa imeshapita, ikapita kansa. Kwenye jina la kamati ilibaki saratani, maana bahasha zilikuwa zimekwisha kuchapwa.

Jioni ya siku iliyofuata Phares alimkuta mke wake amesimama mbele ya duka la pale mtaani, mkono mmoja kiunoni, anasoma tangazo lililobandikwa mlangoni. Nangila alikuwa mshonaji. Mwaka uliopita alikatwa titi la kulia, akapona kidonda, na miezi michache baadaye ugonjwa ukajitokeza kwenye uti wa mgongo. Daktari, kijana mpole aliyeonekana hajalala, alimwambia Phares pembeni kwamba wahesabu mpaka mvua za masika. Kwa maumivu aliwapa vidonge vyeupe, vile vile anavyopewa mtu mwenye homa. Dawa yenyewe hasa, mofini, ilikuwa ndani ya kabati lenye funguo mbili, na maofisa wawili walioshika funguo hizo hawakuwahi kupangiwa zamu siku moja. Tangu hapo Nangila aliweza kukaa kwenye cherehani muda wa kushona mkono mmoja wa blauzi. Mkono wa pili ulingoja kesho.

"Baba Tobias," alisema bila kugeuka, "hii ni wewe umeandika?"

"Ni mimi."

"Ati nilete maumivu yangu?"

"Ni taarifa, Mama Tobias."

"Taarifa iko wapi hapa?"

Phares akasogea akasoma. Haikuwapo. "Watu wataelewa," alisema.

"Wataelewa yenye imeandikwa," Nangila alisema, akacheka mpaka akashika ukuta wa duka.

Alhamisi saa mbili Roble, mlinzi wa ukumbi, alifungua milango, akaweka meza na kiti, na Phares akaketi na daftari lake. Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Kabiru, seremala wa Gikomba mwenye ugonjwa wa taya. Alikuwa na mkokoteni, na juu ya mkokoteni gunia lililofungwa kwa kamba ya mkonge.

"Nimeleta," alisema. "Niweke wapi?"

"Umeleta nini, mzee?"

"Hii maumivu. Si mmesema tulete? Tangazo ya serikali si ni tangazo ya serikali?"

Roble na Kabiru walilishusha gunia pamoja, likagonga saruji na kutulia. Phares alifungua mdomo aeleze habari ya yale maneno mawili. Lakini Mzee Kabiru alikuwa ananyoosha shingo. Kwa miaka miwili watu wa Gikomba walimjua kwa kichwa kilicholala begani, na sasa kichwa kilikuwa kimesimama wima juu ya shingo, na mwenyewe anakizungusha huku na huku akiangalia dari la ukumbi. Phares akafunga mdomo, akaandika namba moja. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina, umri, mtaa, na mahali panapouma. Haikuwa na nafasi ya gunia, kwa hiyo akapiga mstari kwa rula akaiongeza.

Kufikia Jumamosi wiki iliyofuata walikuwa wameandikishwa watu sitini na watatu. Walileta kwa makarai, kwa viondo, kwa masanduku ya bati yaliyowahi kubeba vitu vya shule. Mama Wangeci wa Mathare, mwenye kansa ya tumbo la uzazi, alileta yake ndani ya leso. Yalikuwa madogo, ya ukubwa wa yai la kuku wa kienyeji, na Roble hakuweza kuyanyanyua peke yake. Roble aliyapanga kwa mitaa, kisha akaona ya mifupa hayapatani na ya tumbo, akayapanga upya. Mchana aliyafunika kwa turubai, maana yakipigwa na jua yalikuwa yanakua. Hakuwa na lalamiko kubwa. Alisema tu kwamba ni wageni wasiojua kuitikia salamu.

Wenyewe waliondoka wakitembea vizuri. Hawakuwa wamepona, na Phares, ambaye alipenda mambo yaandikwe sawasawa, aliliandika hilo pembeni mwa kila ukurasa. Ugonjwa walirudi nao nyumbani. Tangazo halikusema lolote kuhusu ugonjwa.

Nangila alikuja siku ya pili, na kikapu chake cha sokoni. Alipanga foleni, ingawa watu walimwambia apite mbele. Ilipofika zamu yake alikiweka kikapu mezani, na meza ikalia.

"Jina?" Phares aliuliza.

"Wewe!"

"Lazima niulize, Mama Tobias. Utaratibu."

"Nangila, bibi ya karani."

"Panauma wapi?"

"Ilikuwa mgongo. Sasa ni hapo kwa kikapu."

Phares alisimama ili akibebe mwenyewe. Alikiinua mpaka usawa wa goti, akakirudisha chini. Akajaribu tena kwa mikono yote miwili. Mwaka mzima alikuwa amemwambia mke wake pole, asubuhi pole, jioni pole, na hakuwahi kujua alikuwa anamwambia pole ya nini. Aliona aibu kubwa, tena mbele ya foleni. Nangila alikuwa keshafika mlangoni, anatembea kwa ule mwendo wake wa zamani wa mtu anayekwenda kugombana na muuza samaki.

Na aligombana naye kweli. Wiki zile alirudisha magomvi yote aliyokuwa ameyaahirisha. Alidai kamba yake ya nguo kwa jirani. Alikwenda Gikomba mwenyewe kuchagua makoti ya mitumba ya kurekebisha, akarudi na makoti sita na habari za watu kumi na wawili. Alishona mikono miwili kwa kikao kimoja, kisha kola, kisha akauliza kama kuna mtu mwingine pale ndani mwenye kitu kilichochanika. Alikonda, hilo halikujificha, na uchovu ulimshika mapema zaidi kila juma. Lakini alilala akaamka, akala akasikia ladha, na Jumapili kanisani aliimba kwa sauti iliyomfanya mwalimu wa kwaya ajute kumkaribisha. Phares alikuwa na furaha. Kazini aliificha, kwa sababu hakujua angeielezaje kwenye faili. Alitaka kitu kimoja tu duniani: ukumbi uendelee kukaa na vile vitu mpaka masika.

Januari Bwana Gichuru alikuja kukagua. Alikuwa mtu mwema, mnene kidogo, aliyebeba biskuti mfukoni na kumgawia kila aliyezungumza naye. Alizunguka ukumbi wote. Aliinua pembe ya turubai, akaangalia, akairudisha. Kisha akalitoa tangazo kwenye faili na kulisoma taratibu.

"Bwana Aloo, sisi tuliomba taarifa."

"Ndiyo, bwana."

"Haya ni maumivu yenyewe."

"Ndiyo, bwana."

"Kazi nzuri, usinielewe vibaya. Yamepangwa vizuri. Lakini Mpango unahusu idadi, na idadi tunayo. Sasa huu ukumbi unahitajika. Tarehe thelathini na moja kuna Semina ya Taifa ya Kuwatuliza Wagonjwa, na viti mia mbili vinakuja. Yarudishwe kwa wenyewe."

Phares alipewa biskuti, akaishika. "Bwana, na kama yangekaa mpaka dawa ipatikane?"

"Dawa imo. Iko awamu ya tatu."

"Na sasa tuko awamu gani?"

"Tunaelekea ya kwanza," alisema Bwana Gichuru kwa fahari isiyo na ubaya wowote.

Barua ya kurudisha maumivu iliandikwa kwa Kiingereza cha heshima, na Phares akaitafsiri. Alikaa nayo asubuhi nzima. Angeweza kuandika "wanatakiwa", au "wanaamriwa", au hata "wasipofika hatua itachukuliwa", ambayo Kaloleni yote ingeielewa kabla ya kufungua bahasha. Akaandika: "Wagonjwa wote wanaombwa kuja kuchukua maumivu yao." Kisha akapiga muhuri, akatuma, na kungoja.

Hakuja mtu. Siku ya nne Mzee Kabiru alipita nje ya ukumbi na mbao begani, akasimama kusalimia.

"Karani, barua nimepata. Nimeona mnatuomba."

"Ndiyo, mzee."

"Tumekaa, tumefikiria, tumekataa. Lakini asante kwa kuuliza."

Bwana Gichuru hakukasirika, ila safari hiyo hakutoa biskuti. Alisema Kiswahili anakijua vya kutosha kujua tofauti ya kuombwa na kutakiwa. Alisema litaletwa lori, na Phares atazunguka nalo nyumba kwa nyumba na daftari, kila mtu apokee yake na kutia sahihi. Akasema pia, akiangalia dirishani kwa kuwa hakupenda kusema maneno ya namna hiyo, kwamba kuna nafasi ya karani katika kituo kimoja cha kaskazini, mwendo wa siku mbili kwa barabara mbovu, na nafasi hiyo hujazwa na watu wasiofuata maagizo. Nangila hangeweza kusafiri siku mbili. Hata siku moja hangeweza.

Basi Jumatano wakazunguka. Phares alikuwa amejiandaa kutukanwa, akakosa hata hilo. Mzee Kabiru alikuwa anapima ubao. Alichomeka penseli sikioni, akasema, "Weka tu hapo kando ya randa," akatia sahihi kwa mwandiko mzuri, na kabla Phares hajafunika kalamu kichwa kilikuwa kimerudi begani. Mama Wangeci aliwapa uji, yeye na dereva, akangoja wamalize. Kisha akaufungua mkono mmoja, akachukua lile yai ambalo wanaume wawili walikuwa wamelishusha kwa jasho, na kulichomeka tumboni, chini ya leso, kwa urahisi wa mtu anayerudisha ufunguo mahali pake. Alikuwa amelizoea. "Pole na kazi, baba," alimwambia Phares. Mlango kwa mlango walimpa pole, na kila pole ilimkaa vibaya.

Saa kumi lori lilisimama mbele ya nyumba yake. Kikapu kilikuwa kimebaki peke yake nyuma. Nangila alikuwa kwenye cherehani, anamalizia upindo wa koti la nne.

"Umechelewa," alisema. "Mlianzia Mombasa?"

"Mama Tobias, mimi sikishushi. Wanipeleke huko kaskazini wakitaka. Nitaacha kazi. Nitauza mitumba na wewe."

"Wengine wamechukua?"

"Wote."

"Kabiru?"

"Amechukua."

"Huyo mama ya Mathare?"

"Amechukua. Alitupa uji."

Nangila alikata uzi kwa meno. "Sasa mimi nikae hapa nikiringa, juu nimeolewa na karani? Nikienda Gikomba nitamwangalia Kabiru na macho gani? Leta."

Phares na dereva walikileta. Kilipowekwa sakafuni Phares alipiga magoti mbele yake, akakiwekea mkono juu kama mtu anayezuia mtoto asifungue sufuria.

"Nipe nusu," alisema.

"Nusu ya nini?"

"Ya haya."

"Na sheria yenu inasemaje?"

Phares alikuwa ameisoma yote, tangu jalada mpaka viambatisho. Haikukataza. Ilikuwa haikufikiria tu kwamba mtu angeomba.

Machozi yalimjaa Nangila, akayafuta kwa kipande cha bitana, na kuchukua mkasi wake mkubwa. Alitandaza kilichokuwa ndani ya kikapu juu ya meza ya kukatia, akakilainisha kwa kiganja, akakata kwa macho bila kupima, kama alivyokata kila kitu maishani. Kisha akamsogezea mume wake kipande kimoja.

"Hii si nusu," Phares alisema. "Yako ni kubwa."

"Wewe unajua nini juu ya kukata nguo?"

Dereva alitoa daftari. Palikuwa na nafasi ya sahihi moja. Wakatia zote mbili, moja juu ya nyingine.

Yalimwingia Phares chini ya mbavu za kushoto, yakakaa. Siku ya kwanza hakuweza kuvaa viatu. Siku ya pili aliweza, akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, akivuta pumzi kati ya kiatu na kiatu, na ndipo alipoelewa kwa nini mke wake alikuwa anachukua muda mrefu vile kujiandaa kwenda kanisani. Waliposimama kutoka mezani waliguna kwa pamoja, sauti moja, wakatazamana na kucheka, na kucheka kukawaumiza wote wawili. Ofisini takwimu zilipangwa upya kufuata sahihi, zikawa sitini na nne. Kamati ilishtushwa na ongezeko hilo katika muda mfupi, ikaagiza uchunguzi.

Semina ilifunguliwa tarehe thelathini na moja kama ilivyopangwa. Viti mia mbili vilijaa, maua yakawekwa, na Roble alivaa koti lililokuwa limepunguzwa mikono na Nangila. Nangila mwenyewe aliketi safu ya pili, kwa kuwa ratiba ilikuwa na mstari uliosema "Mgonjwa (mmoja)", na Phares ndiye aliyeombwa amtafute. Mgeni wa heshima alizungumza Kiingereza kwa dakika hamsini. Phares alisimama kando yake, akatafsiri awamu, akatafsiri mikakati, akatafsiri ushirikiano wa wadau, mkono wa kushoto umebana ubavu.

Kisha mgeni wa heshima akainua uso kutoka kwenye karatasi, akafungua mikono, akasema kwamba serikali inayahisi maumivu ya wananchi wake.

Katika miaka kumi na tisa ya kazi Phares alikuwa ametafsiri sentensi nyingi asizoweza kuziapia. Hii aliichunguza. Yeye alikuwa mtumishi wa serikali, tena wa kudumu, mwenye namba.

"Mheshimiwa anasema," alisema, "serikali inahisi maumivu yenu. Kiasi. Upande wa kushoto."

Katika safu ya pili Nangila aliangua kicheko. Alicheka mpaka akashika kiti cha mbele yake, na waliokuwa karibu, wakidhani mgonjwa amefarijika, wakaanza kupiga makofi, ukumbi mzima ukafuata, na mgeni wa heshima akainamisha kichwa kushukuru. Mpango ulipitishwa siku hiyo hiyo, Rasimu ya Tisa, jalada la kijani.

Mwaka ule masika hayakunyesha. Mahindi yalikauka, watu wakapanga foleni za unga, na Nangila, aliyeambiwa mpaka mvua, alikaa mpaka mwisho wa Mei, wiki saba zaidi ya alizoandikiwa. Aliyamaliza makoti yote sita. Kipande chake kikubwa aliondoka nacho. Phares alimzika kwao, akakaa siku zilizotakiwa, akapanda basi akarudi, na Jumatatu alipofika ofisini kile kidogo kilikuwa bado kiko palepale chini ya mbavu, hakikupungua hata chembe.

Alikwenda kwa Bwana Gichuru kuuliza kinakabidhiwa wapi.

Bwana Gichuru alisimama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshika kwa muda mrefu. Alikuwa amehuzunika kweli. Alimwekea biskuti mbili mezani, akafungua faili, akatafuta, akageuza kurasa, akarudi nyuma, akatafuta tena. Uandikishaji ulikuwa umefungwa tangu Oktoba. Ungefunguliwa tena katika awamu ya pili, fedha zikipatikana.

"Ukifunguliwa utakuwa wa kwanza," alimwambia, akaandika jina lake pembeni mwa jalada, kwa penseli.